Matanga Hayapangiwi Tarehe

Baraka, Jumanne tarehe 20 Agosti 2024

Dada yangu Marthe,

Baba nimempoteza. Nimempoteza jana Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ng'ambo ya maji huko Ubwari. Hajafa, usipige kelele ukatisha watoto. Anakula, anacheka, ana nguvu kunipita. Lakini nyumbani tulitoka wawili na leo niko peke yangu, na miadi yake ya Bujumbura ni Jumatatu ijayo, tarehe 26, saa mbili kamili. Nimeyasema hapa juu kusudi usipekue kurasa zote ukitafuta habari mbaya imejificha wapi.

Sasa nikusalimie kama mtu aliyelelewa. Habari ya Winnipeg? Shemeji anaendeleaje na ile kazi ya zamu, na watoto, bado wanamwuliza babu yao atafika lini? Mgongo wako umepoa? Mimi ni mzima, isipokuwa kiganja cha kulia nilichochubua chini ya gari, ndiyo maana mwandiko wangu umelala upande. Nimenunua daftari hapa sokoni, naandika kwa mkono, kisha nitapiga picha kila ukurasa na kukutumia. Kwa simu sitaki. Kwa simu mimi nikifika neno la tano wewe uko la ishirini. Leo utanisikia mpaka mwisho.

Unajua mwanzo wa safari hii, lakini acha niuandike kama ninavyoujua mimi niliyekaa naye. Tangu Mama azikwe Bujumbura, tarehe tatu Machi 2017, Baba hakulala kitandani. Kitanda kilikuwepo, nilikinunua mwenyewe. Alilala kwenye mkeka, chini, kwa sababu ndugu za Mama hawakumtoa matanga: hawakumwogesha, hawakumnyoa, na kwetu mjane wa kiume asiyetolewa matanga na wakwe zake bado yuko msibani hata ikipita miaka kumi. Barua ya miadi ya viza ya kuja kwako ilipofika mwezi wa sita, akasema hawezi kuvuka bahari na msiba mgongoni. Ukanituma. Maneno yako ninayo kwenye simu, ya tarehe 2 Julai: "Siku tatu tu, Dany, kwenda na kurudi." Nikapanga: Jumatatu kwenda, Jumanne kuogeshwa, Jumatano kupumzika, Alhamisi kurudi. Siku kumi na moja zingebaki kabla ya miadi. Mtu gani angesema mpango huo ni mbaya?

Bujumbura mafuta hakuna, hilo unalijua, na gari la pleti ya Burundi huku linasimamishwa kila kona ya barabara. Kwa hiyo tulivuka mpaka kwa taksi nikakodi gari Uvira, kwa bwana mmoja anayeitwa Patrice. Ni RAV4 ya kijani ya 2003, usukani kulia. Hakutaka kulitoa bila dereva wake. Nikafungua boneti nikamtajia magonjwa matatu ya lile gari kabla hajamaliza kutafuna karanga zake. Akacheka, akasema mimi si mkodi, mimi ni "daktari ya magari", akanipa ufunguo kwa dola arobaini na tano kwa siku na sharti moja: mwisho ni Baraka. Fizi hapana. Alisema kule juu kuna mawe "ile inakulaka gari ya batu". Nikatia sahihi. Kilomita zilikuwa 214,306.

Dada, wewe ulitoka huku una miaka kumi na moja, unapakumbuka. Mimi nilitoka na miaka miwili, mgongoni kwa Mama. Kwangu hii ni nchi ya watu. Naijua kwa majina tu, kama mtu anavyojua majina ya Biblia. Na ziwa limepanda mwaka huu, limekula barabara mahali pengi. Nyumba zimesimama majini hadi madirishani, na gari linapita nyuma, kwenye viwanja vya watu, mama anakusogezea muhogo wake aliouanika ili upite. Nilikuwa na ramani kwenye simu. Ramani ilisema tuko ziwani.

Mpaka Lweba tulikuta bariyeri kumi na moja. Nne za mwanzo nilizishughulikia mimi: karatasi zote kwenye bahasha ya plastiki, kwa mpangilio, na kopi. Tulichukua dakika ishirini na mbili kila moja, kwa wastani, kwa sababu askari akiona mtu ana karatasi nyingi anajua ana kitu. Ya tano Baba akashusha kioo upande wake, akasalimia kwa Kibembe, akamwuliza yule mtu ni wa kijiji gani na baba yake ni nani. Dakika tatu. Kutoka hapo bahasha niliirudisha chini ya kiti. Na kwa kuwa usukani ulikuwa kulia, yeye ndiye aliyeona mbele ya malori, nikitaka kupita analia, "Ngoja... ngoja... pita, iko bure!" kama mtoto aliyepewa filimbi. Miaka ishirini amekaa kwenye geti la watu Bujumbura akifungua na kufunga, hajawahi kumwambia mtu pita kwa sauti ile. Nilipaswa kuogopa tangu hapo. Mimi nilifurahi tu kwamba tunakwenda kasi.

Lweba alitupokea Mama Mudogo Adolphine, aliyekuwa amevuka kutoka Ubwari kwa ajili yetu. Alinizunguka mara mbili. Akawatangazia majirani kwamba huyu alitoka hapa akikojolea kikwembe cha mama yake, leo anarudi na gari, "na tumbo sawa ya mukubwa ya bureau". Nyumba waliyozaliwa yeye na Mama haipo. Alinionyesha mahali, ni maji, na juu ya maji kichwa cha mpapai. Tukakaa kwa jamaa yao mmoja wa upande wa juu, tukaletewa chakula, bukari, sombe na ndagala, wakwe wakajaa kibarazani, watu kumi na saba.

Hapo ndipo nilipoharibu, na nitakuambia vile ilivyokuwa.

Waliuliza kama tumefika. Baba akajibu tumefika. Wakauliza tena kama tumefika kweli. Akajibu kweli. Nikaona hii inaweza kuchukua saa nzima. Nikatoa simu, nikafungua kalenda, nikasema kwa heshima kabisa kwamba tunashukuru mapokezi. Kesho Jumanne tuwe na kuogeshwa, kama inawezekana kabla ya saa nne, Jumatano mzee apumzike, na Alhamisi saa mbili tunaondoka, maana kuna miadi.

Kuna baba mmoja alikuwa anachambua samaki, akamrudisha sahanini. Mama Mudogo akaniuliza, taratibu, kama nimekuja matangani au nangojea basi. Nikasema Mama, nataka tu tujipange. Akasema hivi, nakuandikia maneno yenyewe: "Muntu anakuya kutolewa matanga hasemake siku ya kwenda. Ukisema siku, unatia marehemu ku mizani. Dada yangu iko na bei ya siku tatu?" Nilimtazama Baba aniokoe. Baba alikuwa ameinamisha kichwa anatazama vidole vya miguu yake, na nikajua alilijua jambo hilo siku zote na hakuwaza hata mara moja kwamba mwanawe mtu mzima angeweza kutolijua. Kwani nani angenifundisha, Marthe? Mlinifundisha kupanga foleni ya mahindi ya msaada. Hiyo naijua vizuri.

Uamuzi wao ulikuwa mfupi. Kama marehemu amekwisha kutiwa kwenye mizani, hakuna anayeweza kumtoa isipokuwa kaka yake wa kwanza, mjomba Bonaventure, na mjomba Bonaventure yuko Fizi, na atakuja siku atakayopenda.

Unanijua. Kitu kikivunjika sikai nakitazama. Asubuhi yake nilimpakia Baba na ule mkeka wake, maana alikuja nao, umejaza buti yote, nikapita Baraka bila kusimama, nikapanda Fizi. Sharti la Patrice nililiweka kwenye bahasha pamoja na karatasi nyingine. Kutoka Lweba ni kilomita sitini na moja. Tulitumia saa tano na nusu. Patrice hakusema uongo juu ya mawe.

Mjomba Bonaventure ni mwalimu mstaafu, mrefu, amenyooka kama rula yake. Yeye na Baba walishikana mikono wakakaa hivyo bila kuachiana, sikuhesabu muda, nikaenda kuangalia matairi. Walipomaliza nikamweleza kwamba gari lipo, mafuta yapo, akitaka kesho asubuhi tunashuka naye, kiti cha mbele ni chake. Alilizunguka gari, akalipigapiga boneti kama mbuzi wa mnada, akauliza limetembea kilomita ngapi. Nikamtajia mpaka ile ya mwisho. Akasema basi gari linajua hesabu, liende. Yeye atakuja kwa miguu yake na pikipiki ya watu. Kisha akaniuliza Mama alinibeba tumboni siku ngapi. Nikasema kama mia mbili sabini. Alicheka akakohoa akapigwa mgongo na mke wake. "Anajua!" anawaambia watu. "Njo anajua! Na ku mugongo, alikupangiaka tarehe ya kushuka?"

Watu walicheka, Baba pia. Mimi nilicheka kwa meno.

Alisema atakuwa Ubwari Jumamosi. Lweba haiwezekani tena, maana ufukwe wa kuogea umefunikwa, na maji yaliyokuja kula nyumba ya watu si maji ya kumwoshea mtu msiba. Ukoo wao una nyumba nyingine Ubwari, kwa Adolphine, huko ziwa lina adabu. Nikahesabu: Jumamosi ni tarehe 17. Bado zilibaki siku tisa. Nikameza.

Jumatano tukishuka, jiwe likapiga tangi. Nilisikia harufu kabla sijasimama. Nikalala chini ya gari, ufa ni wa urefu wa kidole, esanse inachuruzika. Dawa yake ni sabuni ya kipande, unaisugua kwenye ufa mpaka inanata, na Mama Mudogo alikuwa ametufungia vipande sita vya zawadi. Baba alishika beseni chini ya tangi huku mimi nasugua, na akaanza kuimba, wimbo wa kanisani, sauti ya pili, ile aliyokuwa akimwimbia Mama. Nikamwambia Baba, lita saba zimemwagika, unaimba nini? Akasema anaimba kwa kuwa sabuni ni ya Adolphine na imefaa. Hapo ndipo kiganja kilipochubuka.

Alhamisi, siku yetu ya kurudi, tulikuwa Baraka na gari linanuka kama kufuliwa. Patrice alipiga simu anauliza gari lake liko wapi. Nikamwambia Baraka. Ilikuwa kweli. Akauliza kama limekwenda Fizi. Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Ijumaa Baba alipotea asubuhi, nikamkuta ufukweni kwa mafundi wa mitumbwi. Wewe utakumbuka alivyokuwa fundi. Mimi nilimjua mlinzi wa geti. Walikuwa wanaziba nafasi za mbao kwa pamba na mawese, naye amesimama anatazama, mikono nyuma. Akawaambia ubao wa nne upande wa kushoto utawatoa machozi. Mmoja akamjibu kwamba mzee, wewe ni polisi wa mbao? Baba akagonga ubao huo na kifundo cha kidole, halafu wa tano, wakasikia wenyewe tofauti. Wakautoa. Nilipomrudia saa kumi alikuwa hana shati, ana mawese mpaka viwikoni, watu wazima wanamwita Papa Fundi na kumpa chai. Nikamwambia twende ukapumzike. Akanijibu, bila kunitazama, kwamba amepumzika miaka ishirini.

Jumamosi tukavuka. Gari nililiacha kwa fundi mmoja, Willy, nikamwachia na simu yangu ya pili kama amana ili asiligeuze taksi. Mtumbwi wa mota ulichukua saa tatu. Katikati ya maji Baba aliniuliza kitu kimoja: huko kwa Marthe, mimi nitafanya kazi gani? Nikamjibu nilichowajibu ninyi nyote siku zote, kwamba mimi namsindikiza tu, namkabidhi kwako, nakaa miezi mitatu aizoee baridi, narudi Buyenzi kwenye duka langu la vipuri. Alitikisa kichwa, akatia mkono majini, akauacha humo.

Mjomba Bonaventure alifika Jumamosi jioni kama alivyosema, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jumapili asubuhi wakamtoa Baba. Sitaandika yote, mengine ni yao. Mjomba alimnyoa kichwa na ndevu kwa wembe mpya, akimwambia Mama kwa jina, kila baada ya mkwaruzo, kwamba mume wako amefika, alichelewa, amefika. Wakamwingiza ziwani hadi kifuani. Mama Mudogo akamvisha shati jipya, kisha wakaukata ule mkeka vipande vipande kwa panga na kuusukuma majini, na Baba akaulizwa kama ana neno. Akasema hana, amechoka. Wakamtandikia kitanda.

Saa saba mchana nilikwenda kumtazama. Alikuwa amelala kitandani, chali, mdomo wazi, kichwa cheupe kama yai. Siku elfu mbili mia saba ishirini na tano. Nilisimama mlangoni mpaka miguu ikaniuma, halafu nikatoka nje nikajifanya natafuta mtandao.

Mtandao uko juu ya kilima, Mama Mudogo hupanda huko kila siku saa kumi jioni na simu zake mbili. Nikampata huko. Alikuwa na furaha, akataka kunifurahisha, akanifungulia sauti yako uliyomtumia mwezi wa saba. Nilikusikia, dada. Ulisema: "Mufanye yote, Mama Mudogo, vile inafaa, hata ikamata mwezi. Baba hana haraka." Kwangu siku tatu, kwao mwezi. Kwa hiyo siku ile kibarazani Lweba, mimi na kalenda yangu mbele ya watu kumi na saba, wote walikuwa wanajua kitu ambacho mimi peke yangu sikukijua. Mwezi mzima ulitaka nani aulipe? Gari la dola arobaini na tano kwa siku liko mkononi mwa nani? Najua utasema kwamba ungeniambia mwezi nisingekwenda. Ni kweli nisingekwenda. Lakini nilikuwa na haki ya kukataa kwa akili yangu mwenyewe. Miaka yote unanituma kama mtoto wa dukani, hela kamili mkononi, usizungumze na mtu njiani. Nina miaka thelathini, Marthe.

Sasa nafika jana.

Nilikuwa ufukweni saa moja na nusu, begi langu na la Baba. Alikuja na mjomba Bonaventure mpaka nusu ya njia, mjomba akabaki nyuma kwa kusudi, akaanza kukagua nyavu za watu. Baba hakuwa na viatu. Akaniambia harudi. Hakulia, hakuomba, alisema kama mtu anavyosema leo hakuna samaki. Ameombwa kujenga mtumbwi wa mita tisa, mbao zipo. Atalala kwa Adolphine. Nikamwambia juu ya faili ya kuhamia kwako, jinsi ulivyoifuata miaka saba, fomu baada ya fomu, baada ya zamu zako. Nikamwambia juu ya presha yake na hospitali iko wapi na mtumbwi ni saa tatu kama hewa ni nzuri. Nikamtajia na mapigano, kwamba huku mtu analala hajui ataamkia wapi. Alisikiliza yote. Akasema wewe, Marthe, atakuomba msamaha mwenyewe, kwa mdomo wake, na utalia na utamsamehe, kwa sababu una nyumba.

Halafu akasema juu yangu. Naandika vile alivyosema: "Lakini weye, Dany. Ile faili iko na jina yako chini ya yangu. Mi nikibaki, weye unabaki. Niambie tu, Baba, mi nahitaji. Nitaingia mu mtumbwi saa hii, viatu yangu iko pale mulangoni. Sitakuuliza juu ya nini."

Mwenye mtumbwi alikuwa anavuta kamba ya mota. Nikajibu, "Mi sihitaji kitu ya muntu."

Akaniuliza, "Kweli?"

Nikasema kweli.

Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama ananipima, akasema basi ni vizuri, akaniombea, nikapanda. Saa mbili na dakika kumi.

Dada, duka hakuna. Lilikufa mwezi wa tatu. Mafuta yakikosekana magari yanalala, na gari lililolala halinunui plagi wala breki. Nilivumilia, nikapunguza, nikauza rafu, nikauza stoki kwa bei ya vyuma chakavu, na mwisho nikauza nafasi yenyewe. Pesa za gari la Patrice ni sehemu ya mwisho ya nafasi ile. Kila asubuhi tangu Machi nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili na ufunguo mfukoni ili Baba asijue, naketi kwenye garaji ya watu, wakinipa gurudumu la kufungua nalifungua. Nilipokuwa nakuambia kwamba mimi siji kukaa huko kwenu, kwamba nitakusaidia tu kumleta mzee, nilikuwa nimekwisha kuazima kitabu cha Kiingereza na kukimaliza mara mbili. Najua bei ya basi ya Winnipeg. Najua shule ya ufundi wa magari iko umbali gani na nyumba yako, ni kilomita sita na nusu.

Nilikwenda Fizi kwa haraka, nikavunja sharti la mtu, nikapasua tangi lake, nikawatukana wakwe kwa kalenda, na nikasema yote ni kwa ajili ya Baba. Haikuwa kwa ajili ya Baba. Baba alikuwa ndiye mlango, na mimi nilikuwa na haraka ya kupita. Nilipopewa nafasi ya kusema hivyo, neno moja, mbele ya mtu anayenipenda na miguu yake iko mitupu, sikuweza. Sijawahi kumwambia mtu yeyote neno hilo la kuhitaji. Nilianza biashara na pampu moja ya baiskeli, unakumbuka, na sikumwambia mtu hata siku ile. Halikutoka. Na mtumbwi ulipofika mbali nilitaka kupiga kelele wageuze, nikaona aibu kwa abiria.

Sikufichi la pili. Nilimwona akilala. Nikimtoa pale, najua namtoa wapi. Usiku wa kwanza huko Winnipeg atatafuta mkeka au hatautafuta, sijui. Hata hivi ninavyoandika sijui kama nakuomba kitu kizuri. Nimekwenda ufukweni mara nne leo na kurudi.

Nisalimie shemeji sana, mwambie nguo za baridi alizotuma, Baba aliziacha Bujumbura zimekunjwa vizuri. Watoto wape busu la babu yao. Mama Mudogo anasema una deni la kuja kujionyesha, na mjomba Bonaventure anauliza kama bado unaandika kwa mkono wa kushoto. Mungu akulinde na mgongo wako.

Sasa nisikilize. Ijumaa asubuhi kuna mtumbwi mmoja unaotoka Ubwari. Baba akipanda huo, Jumamosi tunafika Uvira, Jumapili tunavuka, Jumatatu saa mbili tuko mlangoni wawili. Asipopanda, faili imekwisha, yake na yangu. Kwa hiyo simu yako inabidi imfikie Alhamisi saa kumi jioni, kilimani, kwenye simu ya Adolphine, nawe inabidi unijibu mimi kabla ya Alhamisi hiyo saa sita mchana ya huku. Kwako itakuwa saa kumi na moja alfajiri, weka saa ikuamshe. Ukimpigia, usimwambie habari ya miaka saba, wala hospitali, wala wajukuu. Mwambie Dany alidanganya. Mwambie Dany anahitaji. Sitaki sauti, sitaki "tutaona", sitaki "tuombe". Niandikie neno moja nilione: utampigia, au hutampigia?

Mdogo wako,
Dany